Mita 402 Tu, Ekselansi

Barua ya wazi kwa Mkubwa Mwenye Barabara, popote ofisi yake ilipohamia
Yahusu: ombi la lami iliyonyooka

Ekselansi,

Najua umebanwa. Waliokutangulia nao walibanwa, na atakayekurithi bila shaka amekwisha kubanwa huko aliko, kabla hata hajateuliwa. Kwa hiyo sikuletei maombi makubwa. Sitaitaja barabara ya taifa namba 4, ile ya Bafwasende na Nia-Nia hadi Beni, zaidi ya kilomita 700 ambazo madereva wa malori huzihesabu kwa majuma. Sitalitaja daraja la kutoka hapa Kisangani kuvuka mto Kongo kwenda Lubunga, maana halipo, na kisichokuwapo hakiharibiki. Kwa hilo nakupongeza. Naomba mita 402. Si kilomita, Ekselansi. Mita.

Kisa chenyewe ni gari. Marehemu babu yangu, mfanyabiashara wa kahawa, alinunua Chevrolet Impala ya mwaka 1967 kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga duka lake katika komuni ya Makiso, baada ya zile hatua za Novemba 1973, Rais Mobutu alipogawa maduka na mashamba ya wageni kwa wananchi wenye bahati. Impala ni swala wa mbuga, mnyama anayekimbia kwa kuwa anaona mbele. Kumleta kwenye msitu wa okapi lilikuwa wazo la Mgiriki, babu asilaumiwe. Injini ina silinda nane, lita 5.4 hivi, nguvu ya farasi 275 kwa hesabu ya kiwanda. Farasi hao sasa ni urithi wangu, na wamesimama uani kwetu Mangobo wakisubiri pa kukanyaga.

Utauliza liliponaje. Majeshi yote yaliyopita Kisangani tangu 1996 yalipenda sana magari ya watu. Baba akang'oa magurudumu, akayafukia nyuma ya jiko, akapanga matofali chini ya ekseli, na mama akawa anauzia mikate juu ya boneti. Kila askari aliyeingia uani alilizunguka mara moja, akasikitika, akaenda zake. Zikaja zile siku sita za Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipogombania mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Kombora likabomoa ukuta wa jirani. Impala likabaki juu ya matofali yake. Unaona basi kwamba kutotembea ndiyo ilikuwa siasa ya ulinzi ya familia yetu. Ofisi yako imeichukua ikaifanya siasa ya mji mzima, wala hatudai haki ya uvumbuzi.

Sasa limefufuka. Fundi wangu ana garaji chini ya mwembe, na chombo chake cha kisasa kuliko vyote ni sikio. Aliinamisha kichwa juu ya injini iliyolala miaka yote hiyo, akasema silinda ya sita ina kinyongo. Akaifungua, na kweli. Gasketi alizikata kwa mkono. Bujii zilitoka Dubai, zikapita Kampala, zikapita Bunia, zikafika zimesafiri kuliko mimi. Freni za mbele zilikuwa za basi dogo la Kijapani, zikabembelezwa hadi zikakubali ndoa. Ila giaboksi hakuigusa. Ni ile waiitayo Powerglide, yenye gia mbili tu za kwenda mbele, na wakimbiza magari wa Marekani mpaka leo huitafuta kwa udi na uvumba kwa sababu ni nyepesi na haivunjiki kwa nguvu nyingi. Fundi aliifungua akacheka peke yake. Gia ya kwanza imechoka, ya pili mpya kabisa. Kwa mwendo wa mashimo yetu haijawahi kupata nafasi ya kuingia.

Tunataka kulikimbiza, na hapo ndipo unapohusika. Mbio zenyewe ni za kiungwana. Magari mawili yanasimama sambamba, yanaruhusiwa, yanakwenda moja kwa moja robo maili, yaani mita 402, na atakayefika kwanza ameshinda. Hakuna kona, hakuna daraja, hakuna kizuizi cha peaji. Mara nyingi yote huisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Qatar, nchi ambayo ungeweza kuitia ndani ya mkoa wetu wa Tshopo mara kumi na saba, ilijenga uwanja wa mbio hizi juu ya mchanga wake, na timu yake ikaenda Marekani kwa wenyewe na mwaka 2010 ikachukua ubingwa wa daraja la juu kabisa. Mimi sitaki ubingwa. Nataka kuiona gia ya pili.

Ujuzi tunao. Katika mbio hizi dereva huanza kwa kuzungusha matairi ya nyuma palepale hadi yatoe moshi, mpira upate joto na kushika lami. Katika hatua hiyo tumebobea: mvua ikinyesha, kila gari la Kisangani huzungusha matairi palepale, tena bila kukusudia. Kinachotushinda ni hatua inayofuata, ya kuondoka. Kuhusu taa za kuanzia, usijisumbue. Mtambo wa umeme wa mto Tshopo una mashine tatu, na wakaazi tunafahamu kwamba kuwa na tatu si kuzungusha tatu; taa ya kijani ingeweza kutukuta tumezeeka kwenye mstari. Lakini Wamarekani wenyewe hawakuwa na mti wa taa mpaka 1963. Kabla ya hapo alisimama mtu wa bendera katikati ya magari. Sisi tuna watu wa rulaji, polisi wa barabarani, kila njia panda. Kusimamisha gari wanajua sana. Kuliruhusu liende tutawafundisha, ingawa kozi itakuwa ndefu kidogo.

Najua utasema hakuna pesa. Naamini. Septemba 2025 mahakama ya juu huko Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria miaka mitatu ya kazi ngumu, kwa ubadhirifu wa dola milioni 19 za kujengea gereza hapahapa Kisangani. Juu ya hukumu sina neno. Nasema kama mtu wa mchezo tu: kwetu sisi, anayetoka mstarini kabla ya taa ya kijani huwashiwa nyekundu papo hapo. Pesa hizo zilikwisha fika mbali ndipo taa ikawaka, na hazikuhitaji hata mita moja ya lami.

Nami si mwombaji mikono mitupu. Tangu 2008 sheria inakata kitu kidogo katika mafuta kwa ajili ya kutunza barabara. Pikipiki ya teksi inazunguka mjini mchana kutwa kwa lita chache. Impala linazimaliza likiwa bado linajifikiria kama liwake au liache. Ukipiga hesabu vizuri, mimi ni mfadhili wa barabara za nchi hii, tena mfadhili asiyeweka masharti wala kuitisha warsha hotelini. Sikatai kwamba mara nyingine nanunua esansi kwa Kadhafi, kama tunavyomwita muuzaji wa mafuta wa pembeni mwa barabara, aliyeipanga kwenye chupa za bia. Huyo nimemwomba anikatie naye kidogo cha barabara. Amesema atafikiria, jibu ambalo ni la haraka kuliko yote niliyopata katika jambo hili.

Ukikosa mahali, nina pendekezo. Uwanja wa ndege wa Bangoka una njia ya kurukia ya mita 3,500. Humo zinaingia mbio zetu nane zikifuatana na bado ndege ikabakiwa na mahali pa kugeuzia. Usione ni utovu wa adabu: mchezo huu ulianza kulipiwa kiingilio mwaka 1950 katika uwanja mdogo wa ndege wa Santa Ana, California, siku za Jumapili. Tungekuja na ufagio wetu, na ndege ikisikika tungelisukuma gari pembeni. Kulisukuma tumezoea.

Na kama 402 ni nyingi, tuzungumze, hakuna bei isiyopunguzwa. Mwaka 2008, baada ya dereva mmoja kufa uwanjani, Wamarekani walipunguza mbio za magari yao makali zaidi hadi futi 1,000, karibu mita 305. Nipe hizo. Zikikushinda, wako wanaokimbia nusu ya robo, mita 201. Nitashukuru na kupiga picha nawe ukikata utepe. Utepe tutaleta sisi.

Chini ya hapo siwezi kushuka, kwa sababu urefu wa gari lenyewe nao unakula mita tano na zaidi. Likibaki sharti moja tu ambalo ofisi yako inaweza kulitimiza bila bajeti, basi ni hili: kanuni inataka njia mbili za mashindano zifanane, asionewe mtu. Tafadhali watume mafundi wako wapime mashimo, wayagawanye sawasawa, kushoto na kulia, kina kwa kina. Njia ya kulia imeizidi ya kushoto kwa mashimo mawili, na mshindani wangu, mwenye Toyota, amekwisha kuchagua kushoto.

Wako mtiifu, mwenye vinyeti ya barabara iliyolipwa,

Mrithi wa Impala
Mangobo, Kisangani

Nakala kwa: mtu wa rulaji wa njia panda yetu, kwa ajili ya kozi.