Maombi ya ajira kwa niaba ya Mto Mirongo

Kwa waheshimiwa wote wenye kauli juu ya maji safi na maji taka jijini Mwanza,

YAH: KUMPATIA MTO MIRONGO AJIRA YA KUDUMU

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Ninayemwombea hajawahi kudai posho wala kuomba ruhusa ya kwenda semina Dodoma. Mvua ikipiga usiku, na watu wa milimani wakatapisha vyoo, yeye ndiye anayepokea mzigo wote, akaupitisha Mabatini na kuufikisha ziwani kabla ofisi zenu hazijafunguliwa. Gari la kunyonya vyoo haliwezi kushindana naye. Kule juu kwenye majabali halipandi kabisa, hata mwenye nyumba awe na hela mkononi.

Mzigo wenyewe mnaujua. Wamo Vibrio cholerae wa kipindupindu, wanaoweza kumkausha mtu mzima akafa ndani ya saa chache asipotibiwa. Wamo na Salmonella Typhi wa taifodi, hawa wana subira: homa huenda wiki ya kwanza, ya pili, mpaka siku utumbo unatoboka na mgonjwa anakimbizwa upasuaji. Kiwango cha taifa kinataka asionekane hata E. coli mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Mirongo hajaonyeshwa waraka huo, kwa hiyo msimlaumu.

Mitambo ya kusafisha maji ipo, sikatai. Capri Point inasukuma, Butimba imeongeza lita milioni 48 kwa siku, na tangu 2009 maji ya ziwa hili yanapanda bomba kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama. Klorini inatiwa. Lakini siku ya mgao presha hushuka, na bomba lililopasuka likiwa limelala mtaroni huvuta kilichomo mtaroni. Maji yakirudi tunakinga ndoo tukishangilia, na yanaonekana meupe, hayana hata harufu.

Ndipo linapopita gari la matangazo: chemsheni maji. Tutachemsha. Ila kwa kuwa hatua ya mwisho ya kusafisha maji ya jiji mmemkabidhi mama mwenye jiko la mkaa, naomba naye aingizwe kwenye orodha ya malipo, na gunia la mkaa lihesabiwe kama vitendea kazi.

Mkiona ajira hizi mbili zitaelemea bajeti, ipo njia ya pili: yale mabomba membamba ya majitaka yaliyokwisha kulazwa kwenye baadhi ya milima yafike na iliyobaki. Hapo Mirongo atapunguzwa kazi. Mjiandae tu na malimbikizo ya mishahara yake.

Vinginevyo, usaili ufanyike darajani Mabatini, asubuhi baada ya mvua. Waheshimiwa mje na glasi zenu. Maji ya kunywa atayatoa mwombaji mwenyewe.

Wenu katika foleni ya ndoo,
Mkazi wa mlimani

Nakala: Ziwa Victoria, kwa taarifa.