Fundi Alipopiga Windo, Mwalimu Akakosa Sauti

Fundi wa mtaa wa pili aliirudisha kompyuta Ijumaa baada ya sala, akaiweka mezani, akapokea hela yake na kutangaza: "Imepona. Haina kirusi hata kimoja." Alisema kweli. Virusi vilikuwa vimetoka, na sauti nayo ilikuwa imetoka.

Mwenye kompyuta ni baba yangu mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu pale Tanga, ambaye presha ya macho ilimpofusha kabla hajastaafu. Kwake yeye skrini ni pambo tu. Anategemea kibodi na sauti: kila anachoandika husomwa, kila dirisha linalofunguka hujitaja. Hivyo ndivyo anavyofanya ukatibu wa chama cha walimu wastaafu, na hesabu ya michango haijawahi kupotea hata shilingi. Tulipomshauri anunue mashine mpya alijibu kwamba hii ya Windows XP anaijua kwa vidole, na vidole vya umri wake havihamishwihamishwi.

Fundi alikuwa amepiga windo, yaani ameiweka Windows upya, bila kuuliza mashine inatumiwa na nani. Baba Mkubwa akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na U, njia ya kumwamsha yule msomaji mdogo aliyemo ndani ya XP yenyewe. Kimya. Akanipigia simu Dar es Salaam.

"Imekufa," akasema.

Mama Mkubwa akadakia nyuma yake: "Haijafa, mbona taa inawaka?"

Kwa namna fulani wote wawili walikuwa sahihi. Ili kompyuta iseme, sharti vitu vitatu vikutane: programu inayosoma yaliyomo kwenye skrini, sinthesaiza, ambayo hugeuza herufi kuwa sauti, na draiva ya kadi ya sauti, inayoifikisha sauti hiyo kwenye spika. XP ilitoka mwaka 2001, na diski yake haizitambui kadi nyingi za sauti zilizotengenezwa baadaye. Yule msomaji aliamka, tena alikuwa anasoma kwa bidii. Ila hakuna kilichofika kwenye spika. Na hapa ndipo ninapowalaumu waliotunga utaratibu huu: draiva ya sauti huwekwa kwa kusoma skrini, na asiyeona hasomi skrini mpaka awe na sauti. Walichukulia tu kwamba kila nyumba ina mtu mwenye macho, ana nafasi, na ana moyo wa kusaidia.

Nyumba hii ilikuwa na Mama Mkubwa. Macho anayo. Moyo ndio uliokuwa na masharti, kwa sababu kompyuta hiyo hakuipenda tangu zamani. Sauti yake ya kwanza ilikuwa ya kiume, ikisoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza mpaka usiku wa manane, naye alikuwa akisema ni kama Mzungu mwenye mafua. Sasa mashine haikuweza kwenda hatua moja bila yeye, na hilo alilijua vizuri.

"Mama Mkubwa, nisomee kilichoandikwa," nikamwomba kwenye simu.

"Kumeandikwa Kizungu."

"Maneno gani?"

"Mengi."

Nikamwelekeza polepole hadi kwenye orodha ya vifaa. "Unaona nini?"

"Kuna alama ya kuuliza ya njano. Sasa mwanangu, ikiwa kompyuta yenyewe inauliza, mimi nitajibu nini?"

Nikamwambia abonyeze mara mbili juu ya alama hiyo, kisha atafute neno Next. Akasema ameliona, lakini amebonyeza Cancel kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Baba Mkubwa, aliyefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi bila kupandisha sauti, akapandisha sauti. Mama Mkubwa akainuka kwenda kutazama wali jikoni, na wali huo ukachukua muda mrefu kuliko wali wa harusi.

Kumbe nyuma ya yote kulikuwa na suala la mapazia. Alikuwa ameomba mapazia mapya ya sebuleni tangu mwaka uliopita, na Mwalimu akawa analiahirisha jambo hilo kwa maelezo kwamba yeye binafsi haoni tatizo. Jioni ile mapazia yalikubaliwa kwa mdomo, na macho yakarudi kazini. Lakini draiva haikupatikana, maana diski iliyokuja na mashine ilikuwa imepotea siku nyingi. Jumamosi nikapanda basi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kisanduku. Ndugu yetu mmoja alikileta kutoka Uingereza miaka ya tisini: sinthesaiza ya nje, yenye spika yake, inayochomekwa kwenye lile tundu la pini tisa nyuma ya kompyuta. Kifaa cha namna hii hakihitaji kadi ya sauti kabisa. Kompyuta inakitumia herufi, chenyewe kinazitamka. Ukoo wake ni wa heshima: mwaka 1984 kampuni ya Digital ya Marekani ilikuwa ikiuza DECtalk, iliyotokana na kazi ya Dennis Klatt wa chuo cha MIT, na sauti yake maarufu, Paul, ilijengwa juu ya sauti ya Klatt mwenyewe.

Chetu kilikutwa kabatini chini ya vitenge. Nikakichomeka, nikafungua HyperTerminal, nikachagua COM1. Sharti pande zote mbili zikubaliane kasi. Zisipokubaliana, kisanduku hubwabwaja herufi zisizo na kichwa wala miguu, na ndivyo kilivyoanza. Tulipofika 9600, biti nane, bila pariti, biti moja ya kusimamisha, nikaandika salamu. Kisanduku kikatamka: "Shikamuu, Beba Emkabwa."

"Huyo mgonjwa bado yupo?" Mama Mkubwa akauliza kutoka jikoni.

Alikuwepo, lakini hakuwa na faida. Programu ya kumfanya asome skrini ilikuwa kwenye disketi, na disketi zilikuwa zimeota ukungu, kama inavyotokea kwenye makabati ya pwani. Aliweza kusema nilichomwandikia tu. Baba Mkubwa akauliza kwa upole kama ninakusudia kuhamia Tanga.

Tukafungua kava la kompyuta. Mjukuu akamulika ndani kwa tochi ya simu, akapiga kelele: "Babu, humu kuna kaa!" Mama Mkubwa akaja na fagio. Kaa alikuwepo kweli, mdogo kuliko punje ya mchele, amechorwa juu ya chipu pembeni ya mazabodi. Ndiyo alama ya Realtek, na chini yake kulikuwa na herufi ALC na tarakimu tatu. Huo ndio utambulisho tuliokuwa tukiutafuta. Draiva za AC'97 za chipu hizo nilikuwa nazo kwenye flashi; baada ya kuwasha upya, ule muziki wa XP wa kukaribisha ukajaa sebule, na Mwalimu akavua kofia.

Ikabaki programu ya kusomea. Nilichukua NVDA, ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Toleo jipya lilikataa katakata: XP iliachwa baada ya toleo la 2017.3. Nikalishusha hilo kwa simu, nikalihamisha kwa waya, likakubali. Ndani yake mna sinthesaiza ya eSpeak NG, iliyotokana na programu ambayo Jonathan Duddington aliianza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Acorn, na katika orodha ya lugha zake Kiswahili kimo. Sauti yake ni kavu, haina hata chembe ya mahaba, lakini mkazo inauweka panapostahili.

Baba Mkubwa akafungua faili lake la matumizi kuijaribu. Nyumba nzima ikasikia, kwa Kiswahili kinachoeleweka, jambo ambalo yule wa mafua asingeweza kulifichua: "Mapazia. Mwakani."

Yaliyofuata hayaandikiki hapa. Ila kabla ya magharibi Mwalimu alikuwa ameongeza kasi ya sauti mpaka maneno yakawa mvumo mmoja ambao yeye peke yake aliuelewa. Wasioona wengi husikiliza kwa kasi hiyo, na eSpeak inaivumilia vizuri. Mama Mkubwa hakuamini kwamba sababu ni hiyo. Mapazia yalinunuliwa mwezi ule ule.

Nawe, kama nyumbani kwenu kuna asiyeona anayetumia kompyuta ya XP, chukua NVDA 2017.3 na draiva ya sauti ya mashine hiyo, uziweke zote kwenye flashi leo, kabla fundi hajaigusa.