Barua ya Wazi kwa Mwenye Barabara: Ombi la Kuingizwa Kwenye Bango la Wanyamapori

Kimara Temboni,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Mwenye Barabara,
Popote ulipo.

YAH: WAENDESHA BAISKELI WA KIMARA HADI KIBAMBA KUOMBA HADHI YA WANYAMAPORI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, niwie radhi kwa kutokutaja cheo chako. Nimekutafuta nikachanganyikiwa. Barabara kuu iko chini ya TANROADS. Za mitaani, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Makosa ni ya trafiki, taka za mtaroni ni za manispaa, njia ya katikati ni ya mwendokasi, na pembeni pamekaliwa na bodaboda, ambao hawakuandikiwa na mtu yeyote lakini ndio wanaoonekana kuwa na hati. Katika mgawo huu mzuri sijaona aliyekabidhiwa baiskeli. Basi nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, Mwenye Barabara, nikiamini upo.

Siandiki habari za mazoezi ya Jumamosi. Wapo wenzetu wenye baiskeli za bei mbaya, nguo za kubana na miwani ya jua. Nawaheshimu, na gari halichagui. Ila ninaowasemea hasa ni muuza mikate anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kreti kwenye keria. Ni fundi mwashi aliyefunga mwiko na pima maji ndani ya mfuko wa salfeti. Ni mwanafunzi wa sekondari aliyeachwa na daladala tatu kwa kosa la kulipa nauli ya mwanafunzi. Ni mzee wa guta anayepandisha madumu ya maji Msakuzi huku akiwa amesimama juu ya pedeli, maana akikaa halipandi.

Sasa tuje kwenye ombi.

Barabara yetu ni ile ya Morogoro. Ikishatuacha sisi inapita Chalinze, inapita Morogoro mjini, kisha inaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuikata katikati kwa takriban kilomita 50. Aliyewahi kusafiri kwenda Iringa anajua ninachokisema. Pale pana vibao vya mwendo, pana matuta, na pana bango la bei. Ukimgonga mnyama, faini yake hii hapa, tena kwa dola za Marekani. Twiga ni dola 15,000. Nyati ana bei yake, swala ana yake, ngiri ana yake. Hata nyani, ambaye kwa rekodi yake katika mashamba ya mihogo asingepata wakili, naye ameandikwa.

Nimewatazama madereva wakifika pale. Mtu wa lori aliyetoka Tunduma akikimbia kama anafukuzwa na deni, ghafla anakuwa mwanafalsafa. Anapunguza, anashusha kioo, anatazama kulia, anatazama kushoto, anamsubiri ngiri amalize kufikiri. Wala hamwogopi ngiri. Anaogopa hesabu.

Lori hilohilo likishafika Kibamba, kioo kinapanda na mguu unashuka. Kwetu hakuna bango.

Tunachoomba, Mheshimiwa, ni kuandikwa. Hatudai bei ya twiga. Tunajijua hali zetu. Tuko tayari kuanzia chini, hata usawa wa ngiri, kisha kamati ikae kila mwaka ipitie viwango. Sifa tunazo. Tunaonekana kwa wingi alfajiri na magharibi. Tunavuka barabara asubuhi kufuata malisho na jioni tunarudi kulala. Hatuna honi. Tukishtuliwa tunakimbilia porini, ingawa kwa Kimara pori lenyewe ni mtaro. Na idadi yetu inapungua, jambo ambalo kwa wanyama wengine huwa linaleta wafadhili.

Isije ikasemwa hatuna shukrani. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, Kimara hadi Kivukoni, na pembeni ya njia yake tukajengewa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Kazi ile ililipatia jiji letu Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na lilikuwa jiji la kwanza la Afrika kuipata. Tulifurahi. Wageni walikuja, walipiga picha. Ukipita leo utakuta viatu vya mtumba vimepangwa juu ya njia ya baiskeli kwa saizi, kuanzia za watoto. Utakuta gari limeegeshwa "dakika mbili" tangu asubuhi. Bodaboda hupita hapo foleni inapokaza, na ukimzuia anakuuliza kama hujui kuwa hii ni njia ya pikipiki. Unaweza kupita, lakini kwa kuomba.

Kinachonishangaza zaidi ni mahali njia ile ilipoishia. Iliishia Kimara. Huko mjini ilikopita, mtu ana basi, ana bajaji, ana miguu. Baiskeli zinaanza kuwa na maana huku nje, ambako kutoka kituoni hadi nyumbani ni kilomita nne za vumbi na nauli ya bodaboda inakula mboga. Mhandisi alifika mlangoni kwa wenye shida, akafunga tepu yake, akageuza.

Au tuseme nafasi ilikosekana? Hapana. Mwaka 2017 kuta zetu zilipigwa alama za X, tukaelezwa kuwa hifadhi ya barabara ni mita 121.5 kutoka katikati, kila upande. Kuanzia Kimara hadi Kiluvya nyumba zikaanguka, nyumba za ibada zikaanguka, vituo vya mafuta vikaanguka. Sitaki kufufua kesi hiyo hapa, waliolia wamelia. Nataka hesabu tu. Mita 121.5 mara mbili ni mita 243. Katika upana huo zikapatikana njia nane za magari, Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Ni kazi kubwa na inaonekana mpaka angani. Sisi tulihitaji mita mbili zenye ukingo wa zege, zisizoweza kupandwa na gari wala kutandikwa mtumba. Katika mita 243, mbili.

Najua utaniambia tufuate sheria. Tunaifuata, na ndiyo inayotuua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka vyombo vipite kushoto. Kushoto, Mheshimiwa, ndiko kulikokusanywa kila kitu ambacho barabara haikitaki: mchanga, vipande vya chupa, mfuniko wa chemba uliouzwa chuma chakavu, daladala inayoingia kituoni kwa pembe yake yenyewe, na mlango wa teksi unaofunguka ghafla abiria akiwa bado anatafuta chenji. Anayesogea kulia kidogo ili aishi anaitwa mkorofi, na hutukanwa mpaka ukoo.

Sheria hiyohiyo imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa ukomo katika maeneo ya makazi. Ni namba nzuri, haikuokotwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtembea kwa miguu akigongwa na sehemu ya mbele ya gari, hatari ya kufa huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65. Tofauti ya kilomita 15 tu, ambayo dereva haihisi hata kwenye kiti chake. Na mwaka 2020 huko Stockholm mawaziri wa nchi mbalimbali walikubaliana kuwa pale ambapo watu na magari wanachanganyika, ukomo uwe 30. Mimi sikuombi Stockholm. Nakuomba ile 50 yetu ya mwaka 1973, ambayo imekwisha kuwa mtu mzima na haijapata kuheshimiwa hata siku moja saa tatu usiku pale Kimara Stop Over.

Anayekamatwa na tochi kwa mwendo kasi hulipa shilingi 30,000. Kwa bei ya leo hazifiki dola 15. Naomba urudie kusoma hapo: kwa twiga dola 15,000, kwa kupita mbio mbele ya shule yenye watoto 1,000 hata dola 15 hazifiki. Utasema nimechanganya mambo, kwamba anayeua binadamu haandikiwi faini ya papo kwa papo bali anapelekwa mahakamani. Ni kweli kabisa. Ila mahakama huja baada ya msiba, na bango huja kabla. Twiga amewekewa kabla.

Hebu tumchukulie yule muuza mikate. Amepigwa kumbo magharibi na gari lenye vioo vyeusi, halikusimama. Wasamaria wamemwinua, mikate imekusanywa, mingine imepata wateja papo hapo. Kabla ya habari ya mguu kuna habari ya PF3, ile fomu ya polisi inayomfungulia majeruhi mlango wa matibabu na baadaye wa haki. Ndugu anaifuata kituoni kwa bodaboda. Huko anaulizwa namba za gari. Anaulizwa kama baiskeli ilikuwa na taa. Anaulizwa kama ilikuwa na kengele, kana kwamba kengele ingelia gari lingesikia. Baiskeli inabaki kuwa kielelezo, inaegeshwa ukutani pamoja na vielelezo wenzake, na mvua za masika zinaikuta hapo. Gari ambalo halijulikani haliwezi kuwa kielelezo, kwa hiyo lenyewe liko kazini.

Na bima je? Sura ya 169 ya sheria zetu inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya kumfidia mtu mwingine anayeumizwa nacho. Ni sheria ya utu. Lakini ili imfikie muuza mikate, lazima gari lijulikane, bima iwe hai, ripoti na ramani ya ajali vipatikane, na yeye awe na mtu wa kumfuatilia ofisi hadi ofisi wakati mguu uko kwenye plasta na nyumbani hawajala. Wengi, wakipigiwa hesabu ya nauli za kufuatilia, hupokea chochote anachotoa mwenye gari, kama alisimama, wanasaini na kusema yaishe. Geuza kibao uone: baiskeli ikikwaruza kioo cha pembeni cha gari, kesi inasikilizwa, inahukumiwa na kulipwa palepale barabarani, bila fomu hata moja.

Kila mwaka tunayo Wiki ya Nenda kwa Usalama. Magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Siku moja nilitamani na mimi kubandikwa, lakini baiskeli haina kioo cha mbele, na paji la uso halikukubalika. Katika wiki hiyo sisi hupewa elimu. Elimu ni jambo jema, nami sijawahi kuikataa: vaa kitu chenye kung'aa, funga taa, usibebe abiria wawili, usining'inie lori kupanda mlima. Yote kweli. Lakini sijapata kuona elimu iliyosimama kati ya mgongo wa mtu na Fuso. Zege limewahi.

Halafu kuna ile kauli ya msibani: ajali haina kinga. Mzee mmoja huitamka, wengine huitikia, jeneza linanyanyuliwa. Siwalaumu wafiwa, wanahitaji la kusema. Ila nikiisikia kwa mtu mwenye ofisi, mwenye bajeti na mwenye greda, naona Mungu anasingiziwa. Kinga inajulikana. Mwezi Mei 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zilizo na njia za baiskeli. Kwa hiyo, ikiwa ni faraja, aibu hii si ya kwetu peke yetu. Dunia nzima imeitenda, sisi tumechukua fungu letu.

Mheshimiwa, kama hadhi ya wanyamapori inahitaji mchakato mrefu, na najua michakato ilivyo, basi tunaomba haya wakati tukisubiri. Njia ya baiskeli iendelezwe kutoka Kimara hadi Kibamba, yenye ukingo wa zege na si rangi tu, maana rangi huoshwa na mvua ya kwanza. Ile iliyopo isafishwe, na wauza viatu watafutiwe mahali, kwa kuwa nao wanatafuta riziki kama sisi. Kilomita 50 zisimamiwe usiku, si saa nne asubuhi tu. Mitaro ifunikwe. Na majeruhi atibiwe kwanza, fomu imkute kitandani.

Fedha zikikosekana kwa yote, weka bango. Nguzo mbili, bati moja, rangi nyeusi. Andika: Mwendesha baiskeli. Nafasi ya bei iache wazi, tutaijaza sisi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwendesha Baiskeli.

Nakala kwa: Dereva unayesoma barua hii. Leo jioni ukimkuta mtu wa baiskeli mbele yako, mpe mita moja na nusu unapompita. Usimpigie honi ukiwa mgongoni mwake. Atashtuka, na upande atakaoangukia ni wa mtaro au wa tairi lako.