Kutoka Kaniki Hadi Ungwana: Mhadhara kwa Wasiojua Kusoma Riwaya

Mabibi na mabwana, waheshimiwa, na nyinyi mlioingia humu kwa kuwa kuna feni, tulieni. Anayesimama mbele yenu ndiye bingwa wa riwaya za koo zilizotoka ufukarani zikafika ukwasini, taaluma niliyoiasisi mwenyewe, nikajitunuku shahada yake mwenyewe, na ambayo mpaka leo haijapata mtu wa pili. Nimekuja kuwaondolea ujinga mmoja tu, maana kuwaondolea wote kungetuchukua mwezi mzima wa mfungo. Ujinga wenyewe ni huu: mnasema bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, haijapata riwaya yake kubwa ya ukoo ulioinuka. Mimi nasema mnayo tangu 1934. Hamkuitambua kwa sababu mlikuwa mkitafuta pesa ndani yake.

Ulaya kanuni yake inajulikana. Emma Harte, katika A Woman of Substance ya Barbara Taylor Bradford iliyotoka 1979, anaanza akiwa mtumishi wa jikoni huko Yorkshire na kuishia na maduka makubwa, wajukuu tele, na kinyongo cha kuwatosha wote. Waandishi wetu chipukizi huichukua shuka hiyo ya kitanda cha Kizungu na kuitandika juu ya kitanda chetu cha kamba. Sura ya kwanza, kijana ashuka feri ya Likoni pekupeku. Sura ya tano ni kuli Kilindini. Sura ya tisa amepanga chumba Changamwe, na ya kumi na tano ana malori matatu na mke wa pili. Shuka ni nzuri, ila bandari yenyewe yaikataa. Makuli wa Kilindini waligoma 1939, na Januari 1947 mji mzima ukagoma, watu wakawa wanakutana kwenye uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Litafakarini jina hilo, nawapa muda. Mtu ambaye malori yake matatu yako njiani yaja haiti uwanja wake hivyo. Walichodai ni ujira wa kula na pa kulala, na hiyo ndiyo sura ambayo watunzi wa malori huiruka kama mvukaji arukavyo kidimbwi.

Kisha kuna jumba. Riwaya ya ukoo haisimami bila jumba, la sivyo wajukuu watagombea nini? Hapa nawaomba mnyamaze kabisa, kwa kuwa ndipo ninapong'aa. Bara ya Mombasa ina desturi inayowaduwaza hata mawakili: nyumba ya huyu, ardhi ya yule. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika mwambao wajitokeze na ushahidi. Waliojua njia ya ofisi na lugha ya makaratasi walitoka na hati, na wengi wasiojua wakabaki na minazi waliyoipanda wenyewe juu ya udongo ambao sasa ulikuwa wa mtu mwingine. Mpaka leo yupo aliyesimamisha kuta nne, akaezeka, akaoza binti zake humo humo, na bado analipia udongo ulio chini ya kitanda chake. Mlango wa nakshi ukiwepo, mlango ni wake. Kizingiti kina mashaka. Kwa hiyo atakayetaka kuandika kuinuka kwa ukoo wa bara hana budi kutafuta utajiri usiohitaji kiwanja. Huo upo, na ulikuwepo kabla ya Emma Harte kuwashiwa jiko.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ikaanzisha kijiji upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, kikaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa kuuleta mkataba huo. (Wenye kuchora mipaka ya majimbo siku hizi wamekitia Nyali, riwaya haijali.) Manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa, na waliokutwa ndani wakateremshwa pale. Hawakuwa na sanduku, hawakuwa na shangazi wa kuwapokea. Kaniki, ile nguo nyeusi iliyomtambulisha mtumwa katika pwani hii yote, ndiyo iliyokuwa sare ya hali yao. Kengele ikatundikwa ya kuwaonya wakija wawindaji, na ndiyo iliyozaa jina la Kengeleni, ambalo makanga hulipigia kelele kutwa bila kujua anatangaza sura ya kwanza ya riwaya. Katika kijiji hicho akazaliwa James Juma Mbotela, mtoto wa waliokombolewa, na mwaka 1934 kitabu chake Uhuru wa Watumwa kikachapishwa London, kwa Kiswahili.

Mtaniuliza, utajiri u wapi? Swali la kitoto, lakini nitalijibu. Lishikeni neno ungwana. Katika Mombasa ya zamani muungwana hakuwa mtu wa tabia njema tu. Alikuwa mtu asiyekuwa mtumwa, mwenye nasaba inayotajika babu kwa babu. Fedha mtumwa aliweza kuzipata, kwani wapo waliofanya vibarua na kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Aliyeachwa akawa huru, aliitwa huru, na hapo pakawa mwisho wake; ungwana haukuuzwa sokoni wala kuandikwa kwenye cheti cha manowari. Huo ndio uliokuwa ukwasi wa mji. Sasa funueni juzuu ya pili. Mwaka 1966 mwana wa James, Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, alianzisha kipindi redioni kiitwacho Je, Huu ni Ungwana? Mabibi na mabwana, ukoo ulioteremshwa pwani bila nasaba inayotajika ukaketi mbele ya kipaza sauti na kuihoji Kenya nzima, tajiri na fukara, iwapo ina ungwana. Haukuupata tu, ukawa mtahini wake! Hebu nionyesheni duka la Yorkshire linalofikia hapo.

Na kama mwataka misukosuko, maana riwaya ya ukoo bila damu ni barua ya posa, imo. Tom Mbotela, mwanasiasa wa ukoo huo, aliuawa Nairobi Novemba 1952, na mtaa mmoja wa Nairobi waitwa kwa jina lake. Tarehe 1 Agosti 1982 askari walioasi walimchukua Mambo nyumbani kwake wakampeleka redioni atangaze kuwa serikali imepinduliwa. Mtunzi angebuni hivyo, mhariri angemwambia apunguze.

Naona vidole. Wa kwanza anasema Uhuru wa Watumwa si riwaya, ni shukrani kwa Mwingereza. Ana haki nusu, na mimi si mchoyo wa nusu. Kitabu hicho kinawasifu mno waokozi, na hakikazii kwamba waliookolewa baharini walikuwa huru 1875 huku watumwa wa mashamba ya Mombasa, waliokuwa wakiisikia kengele ile ile, wakingoja mpaka 1907 ndipo sheria ikaufuta utumwa. Lakini deni la fadhila ndilo linaloendesha riwaya zote za aina hii. Aliyeinuliwa humsifu aliyemwinua, na wajukuu ndio hukagua hesabu. Wa pili anasema maana ya ungwana ilikuwa imekwisha kubadilika kabla ya redio, na methali yasema muungwana ni vitendo. Vyema! Nani alikuwa na haja kubwa zaidi ya methali hiyo, mwenye nasaba au asiye nayo? Wa tatu ananitajia Allidina Visram, aliyetoka Kutch, India, akiwa mtoto na kueneza maduka hadi Uganda. Huyo ni wa kisiwani, lakini tumpokee. Alifariki 1916, biashara ikasambaratika muda si mrefu, na kinachotajika Mombasa leo ni jina lake kwenye shule. Hata kwa tajiri huyo kilichookoka moto ni jina, jambo nililolisema kabla hajainua kidole.

Leonard Mambo Mbotela alifariki Februari 2025. Juzuu ya tatu haijaandikwa. Mwenye kalamu na avuke daraja la Nyali, ashukie Kengeleni, kengele ataiona. Nauli ni juu yake, na maswali zaidi sipokei.