Sifa za Moshi wa Mazutu

Ushairi wa Kiswahili umekwisha kuwasifu wafalme, wapenzi, majahazi na hata mnazi, lakini moshi wa mazutu haujapewa heshima hiyo, ingawa kazi yake katika maisha ya Kivu Kaskazini si haba. Mazutu ndiyo dizeli kwa kauli ya Wakongo, kama petroli ilivyo esanse kwao, na moshi unaokusudiwa hapa ni ule mweusi, mzito, unaotoka kwenye bomba la lori lililopakiwa kupita kiasi wakati dereva anapolikanyagia ili lijinasue topeni. Wakazi wa miji mikubwa huukunjia uso na kupandisha vioo. Makala haya yanakusudia kuutetea, na hoja yake ni kwamba katika historia ndefu ya injini ya dizeli, iliyojaa werevu na hila, moshi mweusi ndio pekee ambao haujawahi kumdanganya mtu.

Hakuna mahali panapofaa zaidi kwa utetezi huu kuliko Mubi, kituo cha biashara ya madini katika wilaya ya Walikale, kando ya barabara ya taifa namba 3 itokayo Bukavu kuelekea Kisangani. Umeme wa gridi ya taifa haujafika huko, kwa hiyo kila kinachozunguka, kinachosaga na kinachowaka usiku kinatokana ama na jua ama na mafuta yaliyosafiri kutoka bandari za Bahari ya Hindi, yakapita nchi jirani na vizuizi visivyo na idadi, mpaka yakaishia katika bidoni la njano. Hata mgodi mkubwa wa bati wa Bisie, ambao kampuni ya Alphamin ilianza kuchimba humo kwa mitambo mwaka 2019, umejengwa juu ya jenereta za dizeli. Kwa ufupi, mazutu yakikatika, Walikale inalala.

Ubora wa dizeli juu ya petroli hauhitaji kiapo. Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa, kisha huuwasha mchanganyiko huo kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche, bali huigandamiza hewa peke yake, mara 20 hivi ambapo ya petroli hukomea karibu mara 10, mpaka hewa hiyo ikapata joto kali kiasi kwamba mafuta yakipulizwa ndani hujiwakia yenyewe. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliipata injini ya namna hiyo iliyofanya kazi vizuri kule Augsburg mwaka 1897, na tangu hapo sifa zake ni zilezile: hutumia mafuta kidogo kwa kazi ileile, huvuta mzigo mzito ikizunguka polepole, na hudumu. Ni kweli kwamba lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa, na lita ya petroli kilo 2.3, lakini kwa kuwa dizeli huenda mbali zaidi kwa lita, hesabu ya kilomita huiacha ikiwa mbele. Kwa ajili ya hesabu hiyo serikali nyingi za Ulaya ziliipunguzia kodi, na kufikia mwaka 2011 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli.

Kuna sifa nyingine ambayo vitabu vya uhandisi huitaja kwa mstari mmoja, nayo ndiyo inayookoa watu. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi iliyo chini ya kiwango cha barafu, ilhali mvuke wa dizeli haushiki mpaka mafuta yenyewe yapashwe joto la nyuzi zaidi ya 50 za Selsiasi. Tarehe 2 Julai 2010, lori la petroli lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, Kivu Kusini, watu wakakimbilia kukinga mafuta yaliyomwagika, wengine wakiwa ndani ya kibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia, na moto uliolipuka uliua zaidi ya watu 230. Hapo mzaha wa makala haya husimama kidogo, kwa sababu katika nchi ambayo mafuta hubebwa kwa pikipiki, hupimwa kwa chupa na hulazwa chini ya kitanda cha muuzaji, tofauti hiyo ya nyuzi inaweza kuwa tofauti ya familia nzima.

Kurudi kwenye moshi: faida yake ya kwanza ni elimu. Fundi wa Walikale hana kompyuta ya kusoma hitilafu, wala gari analolitibu mara nyingi halina cha kusomwa. Injini ya 1HZ, ile ya Toyota Land Cruiser yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, hulishwa mafuta na pampu ya chuma tupu, isiyo na programu ndani yake. Fundi anapomaliza kubadilisha chujio huibonyeza kwa kiganja ile pampu ndogo iliyo juu ya chujio, mara nyingi kadiri inavyohitajika, mpaka hewa itoke na kibonyezo kiwe kigumu mkononi. Kisha huiwasha injini, huenda nyuma ya gari, na husimama kutazama bomba. Moshi mweusi humwambia kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, pengine nozeli zimechakaa au chujio la hewa limejaa vumbi. Wa buluu humwambia kwamba injini inakula oili. Mweupe usiokoma humwambia kwamba mafuta hayaungui ipasavyo au maji ya rejeta yameingia yasikotakiwa. Uchunguzi huo hautozi hata faranga moja.

Faida ya pili ni uaminifu, na hapa hapana budi kusafiri mpaka Ulaya. Injini ya dizeli huchafua kwa njia mbili zinazovutana. Ikiungua kwa joto dogo na hewa haba hutoa masizi, yaani chembe za kaboni ambazo ndizo rangi ya moshi mweusi. Ikiungua kwa joto kali na hewa tele masizi hupungua, lakini naitrojeni iliyomo hewani huungana na oksijeni na kuzaa oksidi za naitrojeni, gesi ambazo zikitoka bombani jicho haliwezi kuziona, ila mapafu huzijua. Wahandisi wa nchi tajiri walimshinda adui wa kwanza kwa kuweka kichujio kinachonasa masizi, na bomba la gari jipya likawa safi kiasi cha kufutwa kwa leso nyeupe. Kumshinda wa pili kulihitaji mitego ya kemikali au kupulizia maji ya urea, mambo yanayoongeza gharama, ulaji wa mafuta na usumbufu kwa mnunuzi. Kampuni ya Volkswagen iliona njia nyepesi.

Njia hiyo ilikuwa programu ndani ya kompyuta ya injini aina ya EA189. Gari likipimwa na wakaguzi huwekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya karakana: matairi huzunguka lakini usukani haupindwi, mwendo hufuata ratiba inayojulikana, na muda wa jaribio ni uleule siku zote. Programu ilizisoma dalili hizo, na kama mwanafunzi anayemtambua mkaguzi kwa kishindo cha viatu ukumbini, ikaiamuru injini ikae kitako na ionyeshe adabu; mkaguzi akiondoka, injini ilirudia tabia yake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo nyuma ya magari matatu, wakatoka nayo barabarani, na wakaona Jetta moja ya Volkswagen ikitoa oksidi za naitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kosa hadharani, ikisema magari hayo yangeweza kufikia mara 40 ya kiwango. Siku tano baadaye mkurugenzi mkuu wa Volkswagen, Martin Winterkorn, alijiuzulu. Kampuni ilikiri kwamba magari milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo, na Januari 2017 ilikubali makosa ya jinai na kulipa Marekani faini za dola bilioni 4.3.

Msomaji mwadilifu azingatie kwamba katika sakata lote hilo hapakuwa na moshi mweusi hata kidogo. Uongo ulitoka katika bomba safi. Lori la Mubi, kwa upande wake, halina usukani unaojua kama linatazamwa, na mbele ya mkaguzi, askari, padri au mbuzi hutoa moshi uleule. Hata hivyo, haki inadai pia isemwe kwamba oksidi za naitrojeni zimo humohumo ndani ya wingu, na kwamba udanganyifu wa Volkswagen ulikuwa heshima ya aina fulani kwa sheria: hakuna anayejisumbua kumhadaa mpimaji asiyekuwapo. Ujerumani ilihitaji wahandisi hodari ili kukwepa kipimo. Walikale hukikwepa kwa kutokuwa nacho.

Lisidhaniwe kwamba Afrika Mashariki imekosa vipaji katika fani hii. Pale ambapo mafuta ya taa yaliuzwa bei ya chini kuliko dizeli, kwa kuwa yalitozwa kodi ndogo kwa ajili ya kuwasaidia maskini, wafanyabiashara waligundua kwamba vitu hivyo viwili huchanganyika bila kugombana. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, yaani alama ya kikemikali inayoonyesha kama yamechakachuliwa, mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iishe. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa Septemba 2018 kwa sababu hiyohiyo. Ulipaji ukamwangukia aliyetumia mafuta hayo kuwashia kibatari na kupikia. Kinachochekesha ni kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kuhamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015, hivyo meli ilileta mafuta safi na werevu wa nchi kavu ukayashughulikia njiani. Pampu ya dizeli hulainishwa na mafuta yanayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Basi pampu hukwaruzika, nozeli huanza kumwaga badala ya kupuliza, na moshi mweusi hutoka kwenda kushtaki. Hata hapo umesema kweli.

Uhusiano wa Walikale na kompyuta iliyodanganya hauishii kwenye mafuta. Kasiteriti, lile jiwe jeusi zito ambalo bati hutolewa humo, ilianza kuchimbwa Bisie kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vijana waliibeba mgongoni kupita msituni mpaka Njingala, jirani na Mubi, na ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya barabara pale Kilambo ziliipeleka Goma. Bati hutumika zaidi katika risasi ya kulehemu inayoshikiza vipande vya kielektroniki, vikiwamo vile vya kompyuta ya injini. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Dodd-Frank, ambayo kifungu chake kimoja kiliyataka makampuni yaeleze kama bati lao limetoka Kongo na jirani zake, na Septemba ya mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika mikoa ya Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Tangu wakati huo gunia la kasiteriti halali hufungwa lebo na kuandikwa daftarini tangu shimoni. Jiwe likiondoka lina cheti cha kuzaliwa. Moshi wa lori lililolibeba hauulizwi hata jina.

Wapinzani watataja afya. Watasema kwamba Juni 2012 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Watamtaja mama anayeuza mikate barabarani kuanzia alfajiri, na mtoto anayelala ukuta mmoja na jenereta. Makala haya hayana jibu kwa hao, na sanaa ya kusifu haimlazimu msifu kujibu kila kitu. Yanaloweza kusema ni kwamba vipimo vya West Virginia viliingia nyuma ya gari dogo, na kwamba utafiti ulioiangusha kampuni kubwa ya Volkswagen uligharimu dola 70,000 hivi. Wizara ya mazingira ya Kinshasa na wanunuzi wa bati wanaolipa lebo za magunia na wachangie kifaa kimoja cha namna hiyo, wakipeleke Mubi, na wakifunge nyuma ya lori lolote litakalokubali kupunguza gunia moja ili kukipa nafasi.