Mama Mkwe na Kopo la Mbegu

Huku Mang'ola mafuriko hayangoji mvua yetu. Wingu linafunga Oldeani, kwenye miinuko ya Ngorongoro, sisi bondeni tumeanika nguo na jua linawaka. Baadaye Mto Baray unateremka na magogo, matope na mbuzi wa watu. Yakishatufikia, maji hayo hayana pa kwenda isipokuwa Ziwa Eyasi, nalo halina mto wa kulitoa maji. Yakija, yanakuja kukaa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatahadharisha tangu Agosti 2023 kwamba vuli ya mwaka ule ingekuja na El Nino. Mume wangu alisikiliza taarifa hiyo mpaka mwisho, kisha akafunga dishi jipya. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, matope ya Mlima Hanang yakaifunika Katesh watu wakiwa majumbani. Tangu siku hiyo, mwenyekiti wa kitongoji akipiga filimbi hakuna anayebisha. Jioni aliyotupigia sisi, agizo lilikuwa fupi: pandeni shuleni kabla ya giza, bebeni kinachobebeka.

Tatizo ni kwamba nyumba yetu ina watu wazima watatu, na kila mmoja alikuwa na kinachobebeka chake.

Baba watoto alikwenda moja kwa moja kwenye televisheni.

"Vitu vingine vinanunulika," akasema huku anachomoa nyaya.

"Na hiyo uliokota?"

Hakunijibu. Mimi nikakimbilia bandani kwenye vitunguu, magunia yaliyobaki yakimsubiri mnunuzi wa Nairobi. Nikashika moja, nikavuta, nikavuta tena. Yalikuwa yamefungwa lumbesa, kile kilemba cha juu ya gunia ambacho mkulima anakijaza na halipwi. Mtu mmoja hailazi wala haiinui.

Mama mkwe yeye alikuwa chumbani kwake, kimya, amefungua sanduku la bati. Alitoa sketi yake ya harusi, ile ya ngozi iliyoshonewa shanga, ambayo mabibi wa Kiiraqw waliivaa na wajukuu tunaipigia picha. Aliikunja taratibu shanga zikiwa ndani, akaizungushia kanga, akaitia kwenye mfuko wa mbolea na kuukaza kwa kamba ya katani. Ngozi ikilowa kisha ikakauka, inakakamaa, na nyuzi zinaachia shanga moja baada ya nyingine. Chumba kizima kilinuka samli ya zamani. Alipomaliza, akapandisha mkono juu ya kabati, akashusha kopo la maziwa ya unga, akalifunga kiunoni ndani ya shuka.

Guta la jirani likafika, na dereva akatoa sheria zake: watoto kwanza, kisha bibi, kisha mzigo mmoja. Ndipo ukaanza ugomvi wa kweli. Mume wangu anasukuma televisheni, mimi nasukuma gunia, maji yanalamba kizingiti. Mama mkwe, ameshapanda na mfuko wake kichwani, akamtazama mwanawe.

"Baba, hicho kioo kinaliwa?"

"Hakiliwi, mama."

"Kinaoteshwa?"

Akanyamaza. Nikafurahi mapema mno, maana alinigeukia. "Na wewe, mama. Vyeti vya watoto viko wapi?"

Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vitambulisho vya taifa, hati ya shamba: vyote kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ilikuwa nyuma ya televisheni. Baba watoto alirudi ndani mbio, akaikuta sakafuni, pembe moja imeshaanza kunywa maji. Kuipata tena bahasha kama ile ni safari za Karatu mjini zisizo na hesabu, na foleni juu yake. Akaitia kifuani. Kwa kuwa alikuwa ndani tayari, akaipandisha televisheni kwenye kenchi na kuifunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Gunia langu likabaki mlangoni.

Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya 200,000. Ukilinganisha na hao, sisi tuliguswa tu. Maji yalifika magotini, yakatuachia tope. Vitunguu vilivyolowa vikaanza kuoza, banda likanuka mtaa mzima. Televisheni ilishuka kutoka kenchini ikiwa nzima, na mwenyewe hajaacha kuisimulia.

Lakini kilichoturudisha shambani ni kopo. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya Mang'ola Red aliyoikamua mama mkwe mwenyewe: unachagua vitunguu bora, unavipanda upya, unasubiri vichanue, maua yakauke, upepete. Mbegu ya kitunguu haivumilii unyevu, na ikikaa sana haioti. Ile iliota. Majirani walikuja kuomba kijiko kijiko cha kusia kitaluni.

Siku hizi kuna ndoo yenye mfuniko nyuma ya mlango: bahasha, kopo, na juu kabisa sketi. Kila vuli ikikaribia, baba watoto anaomba televisheni nayo iingizwe kwenye orodha. Mama mkwe hajamkatalia.

"Siku itakapoota, mwanangu, tutaibeba."