Mgongo wa Hundi

Hundi ina uso na mgongo. Aghalabu watu huusoma uso peke yake, palipo jina na kiasi cha fedha, wakasahau kwamba, kama ilivyo kwa punda, mzigo wote huwekwa mgongoni. Sheria yetu ya hati hizi, iliyofuata nyayo za ile ya Uingereza ya mwaka 1882, yasema kwamba mtu akitia sahihi yake nyuma ya hundi na kumkabidhi mwenziwe, huwa amemhamishia haki ya fedha zile, na papo hapo amejitia katika dhamana: hundi ikirudi bila kulipwa, aliyeipokea aweza kumgeukia na kumdai. Maarifa hayo nilimsimulia mjomba wangu wa Newala siku tuliyopanda lori kuteremka Masasi, naye alinisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akauliza kama huko chuoni hawakutufundisha jambo lolote la manufaa.

Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, na waliomnunulia, badala ya noti ambazo mjomba amezoea kuzihesabu kwa kulowesha kidole, walimpa hundi ya benki ya Mtwara, yenye mistari miwili iliyopigwa mshazari usoni. Mjomba, ambaye elimu yake ya mistari aliipata katika kisomo cha watu wazima, ambako mwalimu hupiga mstari mmoja penye kosa na miwili penye kosa kubwa, aliirudisha kwa ghadhabu, akidai apewe hundi ambayo haijafutwa. Ilinibidi nimfahamishe kuwa mistari ile haifuti kitu, bali huamuru fedha ipitie katika akaunti, isilipwe taslimu dirishani, ili hata mwizi akiiokota ajulikane amepita mlango gani.

Akataka basi atie sahihi mapema, kule kule nyumbani, asije akapoteza wakati wa watu wa benki. Nilimzuia. Sahihi iliyowekwa mgongoni bila kutajwa jina la anayelipwa huifanya hundi kuwa ya yeyote aishikaye, na Newala, kama ajuavyo kila aliyepata kusimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, pale nchi inapokatika ghafla na macho yakateremka hadi bonde la Ruvuma, ni mji wenye upepo usiostahi karatasi. "Mjomba, ikipeperuka," nilimwambia, "mlipwaji atakuwa mtu wa Msumbiji." Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia, akaivaa kofia kwa mikono miwili.

Benki, taabu ya kwanza ilikuwa jina. Jina la ukoo wetu huanza kwa "Chi", kama yaanzavyo majina mengi ya Kimakonde. Walakini aliyeiandika hundi, mtu wa kupenda Kiswahili fasaha, aliona ni vema alitengeneze, akaandika "Ki". Karani wa dirishani alieleza kwa upole kwamba dawa ya kosa hilo ipo: mlipwaji huandika mgongoni jina kama lilivyokosewa usoni, kisha chini yake akaongeza sahihi yake ya haki. Mjomba aliyatafakari maneno hayo kwa kitambo. "Yaani," akasema, "nianze kwa kusema uongo, ndipo niruhusiwe kusema kweli?"

"Ndiyo, mzee," akajibu karani, "ila kwa mpango huo huo."

Mjomba akaandika. Karani akaitoa kadi aliyoitia sahihi siku ya kufungua akaunti, akailaza kando ya hundi, akatazama huku na huku, akatikisa kichwa. Na kwa kweli sahihi ya kadi ilikuwa nyembamba, herufi zake zimejikunyata pembeni, ilhali ile ya hundi ilikuwa na tumbo, na mkia uliotaka kuvuka ukingo wa karatasi.

"Mzee, mikono hii miwili hailingani."

"Italinganaje?" akasema mjomba. "Siku ile nilikuwa na njaa. Ilikuwa Februari."

Hapo mtu mmoja wa Masasi aliyekuwa nyuma yetu katika foleni, mtani wake wa siku nyingi, akajitolea kuwa shahidi. "Huyu namjua sana," alimwambia karani, "na ndiyo maana nashauri asilipwe." Watu wakacheka, na bawabu akalazimika kugeukia ukutani.

Ikashauriwa itumike alama ya dole gumba. Lakini ganda la korosho lina mafuta makali yachubuayo ngozi, na mjomba amebangua korosho tangu utotoni. Dole lake lilipotoka katika wino liliacha juu ya karatasi doa jeusi, laini, lisilo na mstari hata mmoja. "Alama hii haina mwenyewe," akasema karani. Mjomba akauinua mkono: "Mwenyewe huyu hapa."

Simlaumu karani. Kijijini watu humtambua mjomba kwa kikohozi chake kabla hajafika mlangoni, na hakuna aliyepata kuiona sahihi yake; benki huijua sahihi, na nje ya hiyo haimjui mjomba kwa lolote. Sahihi ya kughushi, kwa sheria ile ile, haimpi mtu haki yoyote, na aliyeipokea bila kuitazama ndiye atakayeulizwa.

Mwisho ilitolewa kadi mpya, mjomba akatia sahihi mpya, na hundi nayo akaitia tena. Jua lilikuwa limepinda, nasi hatukuwa tumetia kitu kinywani tangu alfajiri. Kwa hiyo sahihi ilitoka nyembamba vile vile kama ya Februari, na karani, alipoilinganisha na ile ya zamani, akafurahi sana. Hundi ikaanza safari ya Mtwara kwenda kuulizwa kama ina fedha, nasi tukaambiwa turudi baadaye. Siku ya kurudi, shemeji yangu wa Masasi alituandalia chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha na samaki. Mimi nilikula. Mjomba aliifunika sahani yake, akaomba awekewe hata atakapotoka benki, kwani mkono ukishiba, alisema, karani hataujua.